Povu la Mama Sinki

Miezi saba binti mmoja mtafiti alikuwa akipigana na protini moja tu, na protini ilikuwa inamshinda. Ilikaa kwenye utando wa nje wa bakteria, imejishikiza kwa mkia wa mafuta, na kazi ya binti ilikuwa kuibandua. Alijaribu chumvi, joto, dawa za kila aina. Kila siku alizungusha chupa kwenye mashine mpaka bakteria wakaganda chini, maji ya juu akayamwaga, kisha akayapekua mashapo. Hola. Mpaka usingizini alikuwa anapekua mashapo.

"Bakteria wako hawaitengenezi," profesa alimwambia asubuhi hiyo, bila hata kukaa. "Kesho saa tatu naufunga mradi. Nafasi yako nampa mwingine."

Kwa hasira binti akabeba bakteria wote, hata wa kwenye friza, akawatia kwenye mtungi wa mvuke wachemke. Potelea mbali!

Alipogeuka akakumbana na Mama Sinki, muoshaji wa vyombo vya maabara, amevimba kwelikweli.

"We binti, utaniua! Chupa za wenzako nasuuza mara moja tu. Zako zinatoa povu hata sabuni sijatia! Hii ya jana hata maji yake hukumwaga. Sioshi, nimekuwekea uone mwenyewe."

"Mama, niache tafadhali. Leo sina hali."

"Tikisa kwanza!"

Akatikisa ili aachwe. Povu likapanda hadi shingoni mwa chupa, likagoma kushuka. Akaduwaa. Protini ikijaa majini hutoa povu namna ile. Kumbe bakteria walikuwa wakiukata mkia wenyewe na kuiachia protini majini, na yeye, msomi mzima, kazi yake ilikuwa kuimwaga.

Akachota matone machache, akapima. Saa kumi alasiri mstari wa protini ile ukatokea kwenye jeli ya kupimia, mnene, mahali pake hasa. Hakushangilia. Aliketi juu ya ndoo akalia kwa uchungu. Miezi saba imeishia kwenye bomba la maji machafu, bakteria wenyewe wameshaiva, na ushahidi wote uliobaki ni maji kidogo kwenye chupa chafu.

Mama Sinki akakunja mikono ya sweta. "Haya, umeshaona. Sasa nioshe?"

"Ukiigusa hiyo chupa, mama yangu, tutagombana mpaka kesho saa tatu."