Damu ya Kulinganishia

Mdogo mtu alikuwa kashavalishwa gauni la upasuaji. Uso umemvimba, presha haishikiki. Madaktari walishakubaliana kuondoa tezi moja ya juu ya figo, ile waliyoishuku kumwaga steroidi kupita kiasi. Dada yake, mpimaji wa maabara, aliwaomba kitu kimoja tu: wangoje jibu la seli zake.

Zilikuwa seli za tezi ya ng'ombe, kaifuata mwenyewe machinjioni ikiwa bado ya moto. Visahani vyote kavitia homoni ileile ya kuziamsha. Kimoja kakiacha hivyo. Cha pili kakiongezea seramu, yale maji ya manjano ya damu, ya mgonjwa. Cha tatu, seramu ya mtu mzima wa afya. Kama kichochezi kimo damuni, tezi inaonewa bure; ukiikata, ile ya figo ya pili itachapwa vilevile.

Mashine ikapima steroidi ya kila kisahani, ikajibu. Homoni peke yake, chini. Mgonjwa, juu sana. Mzima naye, juu sana.

"Mgonjwa na mzima wametoka droo!" akasema mwenzake wa maabara, yule waliyemwita Miwani. "Kipimo chako kimekufa, dada. Waache wakate."

"Hakijafa."

"Huyo mzima ni nani?"

"Mimi. Si ndiyo desturi yetu? Aliye karibu anakunja mkono, anatolewa damu."

Miwani akamkodolea macho. "Mmelala tumbo moja, halafu unajifanya wewe ndiye kipimo chake?"

Simu ikalia: daktari wa upasuaji.

"Mgonjwa yuko mezani. Nikate, nisikate?"

Akisema asikate, amejitangaza mgonjwa. Akikosea, kamchelewesha mdogo wake, na kazi ndiyo basi tena.

"Usikate, daktari. Nilimlinganisha na damu yangu, na yangu inachochea kama yake. Nipe nafasi nijaribu ya mtu baki."

"Mpaka adhuhuri. Ikipita, nakata."

Miwani alikuwa kashakunja shati. "Choma, lakini taratibu. Sindano naziogopa."

Wakangoja, hakuna aliyekaa. Adhuhuri inakaribia, mashine ikatema jibu: seramu ya Miwani, chini, karibu na homoni tupu.

Akampigia daktari simu. Kisu kikarudishwa kwenye trei.

Alimkuta mdogo wake wodini, karudishwa bila kovu, amekasirika.

"Dada, wamenishindisha njaa bure!"

"Sogea huko," akamwambia, akivua viatu. "Kitanda hiki ni chetu sote."