Gazeti la Jumanne, Ombi la Alhamisi

Treni ilikuwa imeshaanza kutembea nilipopata kiti, na mdogo wangu wa kike bado alikuwa anatembea sambamba na dirisha langu, mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine umeshika ukingo wa dirisha kama vile anaweza kulizuia behewa zima.

"Kaka, sanduku lisikae juani."

"Halikai."

"Na mdomo wako."

"Nao haukai juani."

Hakucheka. "Wakili anapeleka ombi Alhamisi. Ikishapita Alhamisi, panda juu ya paa ukatangaze ukitaka. Kabla ya hapo hujui kitu. Umebeba maziwa ya unga."

"Nimebeba maziwa ya unga," nikasema.

Jukwaa likaisha, yeye akabaki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na chupa kumi na mbili za unga mweupe, nazo zilikuwa zinakwenda kiwandani kupimwa. Unga wenyewe aliutengeneza yeye, mfamasia wa hospitali, ambaye nyumbani tunamwita Mizani kwa sababu tangu utotoni hata chumvi ya mboga anaipima. Aliutengeneza kwa ajili ya mdogo wetu wa mwisho, Kitinda, aliyekata mawe kwa msumeno wa umeme miaka ishirini na miwili, kitambaa tu kimefunga pua. Vumbi lilimkaa mapafuni, mapafu yakakakamaa. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza kasi ya ugonjwa, lakini vilimtapisha na kumuumiza ini, daktari akavisimamisha. Mizani akawaza: dawa ile ile, ikivutwa kwa pumzi iende moja kwa moja mapafuni, itatosha kiasi kidogo tu, na ini litapona.

Shida ilikuwa unga. Akiusaga, unashikana. Ukivutwa, unabaki kooni. Alihangaika nao mwaka na nusu.

Mimi wananiita Kiguu na Njia. Nimesoma darasa moja hapa, nusu darasa kule, na kazi nimefanya nyingi kuliko viatu nilivyovaa. Nilirudi nyumbani safari moja nikamkuta Mizani mezani, ametazama kibakuli cha unga kama mtu aliyetukanwa nacho. Nikamwambia, kwenye kiwanda cha maziwa nilikofanya kibarua hatukusaga kitu. Maziwa yalikuwa yanarushwa kama manyunyu ndani ya pipa kubwa la hewa ya moto, yanakauka kabla hayajagusa chini.

Akaweka kijiko chini. "Rudia," akasema.

Aliazima mashine ndogo ya namna hiyo kutoka chuo cha ufundi. Akajaribu vipimo, akaongeza kitu kidogo kinachotoka kwenye protini, kinachofanya punje zisishikane. Hospitali ikampa kibali cha mwaka mmoja, wagonjwa sita tu, Kitinda mmoja wao. Mwezi wa tatu Kitinda alitoka kitandani akaenda mpaka getini akarudi bila kusimama, akatuuliza chakula kiko wapi. Kabla ya hapo alikuwa anapumzika kati ya kitanda na mlango.

Lakini mashine ya kuazima haiwezi kulisha watu, na kibali kilikuwa na mwisho. Kiwanda kimoja kikakubali kuichukua dawa kwa sharti moja: iwe na hataza, ile hati ya serikali inayosema kitu hiki ni cha fulani na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake kwa miaka ishirini. Mizani akajaza fomu. Mahali pa wagunduzi akaandika jina lake, na chini yake akaandika langu.

Jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha za vibarua na daftari za polisi wa mpakani. Halikuwa limeandikwa mahali pa mtu aliyejua kitu.

Sasa huko kwenye treni, mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, anasoma gazeti na kulichorachora kwa kalamu. Aliniona nikilihamisha sanduku mara tatu kulikwepesha jua.

"Mzee, umebeba mayai?"

"Maziwa ya unga."

"Maziwa ya unga hayaogopi jua kiasi hicho."

"Haya yamelelewa vibaya," nikasema, akacheka.

Akaniambia anaandika kwenye gazeti la kila wiki, anatoka kumwona baba yake. Aliniambia kazi yake kabla hatujafika stesheni ya pili, na nilimsikia vizuri. Baba yake alikuwa mkata mawe. Siku hizi, alisema, mzee anakaa dirishani mdomo wazi, na ukimsalimia anakuinulia kidole, kwa sababu pumzi ya kuitikia salamu anaitunzia chakula.

Nilinyamaza stesheni mbili nzima. Kwangu mimi hiyo ni rekodi.

Kisha nikamwambia amwambie baba yake asikate tamaa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa nini. Na mama yule alijua kuuliza. Sukari ya kuchanganyia ni ipi? Ya maziwa. Kwa kiasi gani? Sehemu tatu kwa moja ya dawa. Kile cha protini kinaitwaje? Joto la hewa ni digrii ngapi ikiingia, ngapi ikitoka? Maisha yangu yote watu wakiuliza maswali ya namna hiyo, mimi ndiye ninayetumwa kuleta viti. Safari hii kila jibu nilikuwa nalo. Alikuwa anaandika kwenye kijitabu, na sitasema sikuona. Nilifikiri anamwandikia baba yake.

Jumanne gazeti likatoka. Nilikuwa bado kwenye mji wa kiwanda, nasubiri vipimo, Mizani akanipigia simu.

"Kaka, umesoma gazeti?"

"Bado."

"Limekusifu. Ukurasa wa tano." Nikasikia karatasi inakunjuliwa. "Umewaambia mpaka joto."

"Nilimwambia mtu mmoja."

"La kuingia na la kutoka."

"Ndiyo."

Nikasikia nyuma yake wagonjwa wanaitwa kwa namba dirishani.

"Umekumbuka vizuri," akasema. "Hakuna ulipokosea."

Bora angenitukana.

Wakili alipeleka ombi Alhamisi hivyo hivyo. Alituambia tusiwe na haraka ya kulia, huenda ofisi ya hataza isilione gazeti lenyewe, ni gazeti dogo. Tukakaa miezi tisa tukiombea gazeti la watu lisisomwe. Kitinda aliendelea kuvuta unga wake, mara mbili kwa siku, na akaanza kunitania. "Kaka ni maarufu," anawaambia wageni. "Mkitaka siri yoyote isambae, mpeni nauli."

Mwezi wa tisa tukaitwa. Chumba cha mkaguzi kilikuwa na mafaili mpaka dirishani na feni iliyofungiwa uzi isilegee. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mpole, tai imefungwa vizuri, ametukaribisha viti na maji. Mbele yake palikuwa na ukurasa wa tano umetiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kazi ni nzuri," akamwambia Mizani. "Nimesoma yote. Mimi ningependa dawa hii iwepo."

"Basi?" wakili akasema.

"Kitu kipya, kwa sheria yetu, ni kile ambacho hakijatolewa hadharani popote kabla ya siku ombi linapofika hapa. Hiki kilitolewa siku mbili kabla. Kimekamilika. Fundi yeyote akiwa na ukurasa huu mkononi anaweza kuutengeneza unga."

Nikasimama. "Bwana mkubwa, aliyesema ni mimi. Siyo mwizi. Jina langu liko hapo hapo kwenye fomu yako."

"Naliona, mzee."

"Sasa mtu anajiibiaje?"

"Hujaiba. Sheria haiulizi nani kasema. Kuna nchi zinampa mgunduzi mwaka mmoja wa msamaha. Sisi hatuna."

"Basi nipeni adhabu mimi. Futeni jina langu, libaki la mdogo wangu."

Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake haikuwa na pa kushika. "Nikilifuta jina lako, mzee, gazeti bado lipo."

Mizani alinivuta shati nikakaa. Alimshukuru mkaguzi. Tulipofika koridoni akasimama mbele ya ubao wa matangazo, akausoma wote, hata tangazo la funguo zilizookotwa.

Tukaenda kiwandani, mimi na yeye. Meneja alitupokea amesimama, na nikajua.

"Si kwamba hatutaki, dada," akasema. "Kuijaribu dawa kwa mamia ya wagonjwa, kupata leseni, kutengeneza inhela ya kuivutia, ni miaka sita, saba. Tukimaliza, jirani anaanza siku hiyo hiyo kwa jasho letu, anauza nusu bei. Bodi haiwezi kukubali."

"Kwa hiyo sasa hivi kila mtu anaruhusiwa kuitengeneza?" nikauliza.

"Kila mtu. Ni ya dunia."

"Basi tengenezeni na nyie."

"Mzee wangu, kwa sababu kila mtu anaruhusiwa, hakuna atakayeanza."

Nilimwomba aniandikie jina la kiwanda kingine. Akaniandikia vitatu. Nilivizunguka vyote kwa wiki tano, kwa treni, kwa malori, na kipande kimoja kwa miguu, ukurasa wa tano mfukoni pamoja na barua za daktari. Cha kwanza walinipa soda. Cha pili mlinzi alisoma gazeti lote pale getini akasema ni habari nzuri sana, hongera. Cha tatu walishajua habari, wakanijibu maneno yale yale ya meneja, kwa mpangilio ule ule.

Niliporudi, kibali cha hospitali kilikuwa kimekwisha. Ili kiongezwe ilitakiwa barua ya kiwanda. Mganga mkuu alimwambia Mizani kwamba akikutwa anatengeneza bila kibali atafutiwa usajili, na wagonjwa wengine wote wa hospitali watakosa mfamasia. Akaigawa akiba ya chupa kwa wale sita sawasawa, kwa mizani. Nilimwambia angempa Kitinda zaidi kidogo, nani angejua. Akasema Kitinda mwenyewe ameshakataa.

Zilitosha wiki saba.

Jioni ya chupa ya mwisho Kitinda aliniita nikae ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameshaanza tena kuvunja sentensi katikati ili avute pumzi.

"Kaka. Yule mama. Alikuuliza maswali mangapi?"

"Sijui. Kumi. Kumi na mawili."

"Na yote... uliyajua."

"Yote."

"Hata lile la joto."

"Hata hilo."

Akatikisa kichwa, anacheka bila sauti, maana sauti ilikuwa gharama. "Na shuleni... walisema wewe mzito."

Nikampangia mito.

Kitinda alifariki miezi minne baadaye, mchana, akiwa amekaa. Kati ya wale wagonjwa sita, wanne wamefariki, mmoja alihamia kwa mwanawe hatukupata habari zake, na mmoja yuko hai kwa mashine ya oksijeni. Baba wa yule mwandishi alikufa kabla ya Kitinda. Mwandishi alituandikia barua ya kuomba radhi, kurasa nne, Mizani akamjibu kwa mstari mmoja kwamba alichoandika kilikuwa sahihi. Wakili bado ni wakili. Mkaguzi amestaafu. Kiwanda kile kinatengeneza dawa ya kikohozi ya maji. Mashine ya kunyunyizia ilirudishwa chuoni, na wanafunzi wanakaushia rangi. Mizani yuko dirishani pale pale hospitalini, anatoa dawa kwa namba. Dawa yake haijatengenezwa na mtu yeyote mpaka leo. Mimi sijasafiri tena. Nakaa chumba cha Kitinda.