Nguvu za Domitille Shambani

Domitille alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha Bénédicte, mke wa pasta, mikono yake ilipoanza kushuka. Haikuuma. Ilishuka tu polepole mpaka ikalala mapajani. Bénédicte alingoja, kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni, kwani wateja wote wa Domitille hapo soko kuu la Bunia walishazoea. Kope la kushoto nalo likajifunga. Ketsia, binti wa mdogo wake, akakata kipande cha sparadra, ile plasta ya vidonda, akalibandika kope juu ili jicho libaki wazi, kisha akaendelea kusuka pale mama yake mkubwa alipoachia.

Dokta Néhémie alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo. Askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na maradhi, walikuwa wamekosea adui. Walikuwa wanaharibu pale ambapo mshipa wa fahamu unakabidhi amri kwa msuli. Ugonjwa wenyewe unaitwa miasteni, na wanaoupata ni wachache. Dawa ilitoka Kampala na madereva wa malori. Haikuponya, ilirudisha nguvu kwa saa chache, halafu nguvu zikaondoka tena.

"Zinaenda wapi?" Domitille alimuuliza.

"Haziendi fasi yoyote, mama. Zinaisha tu."

Hapo dokta alikosea, lakini hakuna aliyemlaumu. Hakuwa mtu wa upande wa Nizi, kule milimani alikotoka Domitille.

Aliyeleta habari ni Musoki, aliyekuwa akipanda huko kununua mihogo na maharage ya kuuza mjini. Siku moja alitua mzigo wake, akaomba maji, akanywa, ndipo akasema:

"Mama Domitille, nilipita kwa shamba yako. Jembe iko inalima."

"Nani iko analima?"

"Hakuna mutu. Jembe tu. Inalima na mukono ya kushoto kama weye, na ikifika mwisho ya mustari inasimama kidogo, vile weye unanyooshaka mugongo."

"Saa gani?"

"Kisha ya midi."

Adhuhuri ikishapita, ndiyo saa ambayo dawa ya asubuhi ilikuwa inamwishia. Domitille alifurahi kidogo, kwa sababu alikuwa amedhani nguvu zake zinapotea bure. Shamba lile alilikimbia pamoja na mumewe usiku wa risasi, na mume akafia njiani. Aliuliza mavuno yanaliwa na nani.

"Fiacre," Musoki alisema.

Fiacre alikuwa mdogo wa marehemu. Alirudi kijijini kabla ya wengine, akamwambia chef wa kijiji kwamba mjane akikimbia, shamba linabaki kwa ukoo wa mume. Chef akakubali.

Domitille akaendelea kuipanga siku yake kama alivyofundishwa. Alimeza kidonge, akangoja taya lipate nguvu, ndipo akala. Misuko migumu aliifanya asubuhi. Joto likizidi, Ketsia alimwekea machoni kitambaa cha maji baridi. Malaria ikimshika, aliwaambia wauguzi kabla hata ya salamu kwamba yeye hapewi kinini, maana ile ingemmaliza. Mchana nguvu zikaenda kulima.

Kisha mapigano yakaifunga barabara. Malori yakalala mpakani, na vidonge vikaisha. Nguvu za Domitille hazikuwa tena na cha kuzirudisha. Sauti yake ikahamia puani. Uji ukawa unampalia. Huko shambani jembe lilianza kulima alfajiri na kuacha jua likizama, na Fiacre akapasua hata kipande cha karibu na mto ambacho kilikuwa hakijaguswa tangu enzi za baba yake.

Walipompeleka hospitali, kifua kilikuwa hakipandi vizuri. Hapakuwa na mashine ya kumsaidia kupumua. Dokta Néhémie aliingiza mrija kooni, akamwonyesha Ketsia namna ya kuufinya mfuko wa hewa kwa mkono, na Ketsia, Bénédicte na wanakwaya wa kanisa lake wakapokezana. Watu waliokuwa wanapita karibu na shamba siku hizo walisema walisikia mtu akipumua katikati ya mimea, taratibu, kama aliyelala vizuri. Wakapunguza sauti wakipita.

Lori la kwanza lilipofika, vidonge vilisagwa vikapitishwa kwenye mpira wa puani. Nguvu zilirudi kidogo kidogo. Siku Domitille alipopumua mwenyewe, jembe lilianguka katikati ya mstari, na hakuna aliyeliokota.

Alikuwa amesharudi nyumbani Fiacre alipokuja. Aliegesha pikipiki, akasalimia vizuri, akauliza habari ya afya. Akakaa.

"Shemegi, sikuje kugombana," alisema. "Ile dawa, hauwezi kuiacha kidogo mpaka tumalize kupanda? Mvua iko inapita."

"Bila dawa nitakufa, Fiacre."

Fiacre alifikiri. "Haukukufa," alisema.

Ketsia aliinuka kule jikoni, Domitille akamwashiria akae.

"Shamba ni yangu na ndugu yako," alisema. "Munipe basi hata nusu ya mavuno."

"Mavuno ni ya mwenye iko kule."

"Miye niko kule kila siku kisha ya midi."

"Weye hapana, shemegi. Nguvu tu."

 Domitille alichukua kidonge, akakimeza mbele yake kwa maji. Baada ya muda kope likainuka lenyewe. Fiacre aliliangalia, akaona kwamba hapo hakuna la kufanya, akaaga kwa heshima na kuondoka kabla ya mvua.

Bénédicte alimtuma mumewe kwa chef. Pasta alirudi na jibu: chef amesikia pande zote mbili. Asubuhi ni ya mgonjwa, mchana ni wa shamba, na Fiacre asije tena kumsumbua mjane kuhusu dawa. Habari ya mavuno ilikuwa imeshaamuliwa zamani. Pasta alisema chef aliongea kwa upole sana.

Mazao yalipokomaa, Musoki alishuka na magunia.

"Maharage imekubali," alisema. "Fiacre ameezeka nyumba na mabati, manjanja mupya."

"Na mistari iko namna gani?"

"Imenyooka. Kule mulimani hakuna mwingine iko na mistari kama ile."

Domitille akaitikia kwa kichwa. Hiyo alikuwa anaijua. Ketsia alinunua kwa Musoki kipimo kimoja cha maharage yale, akayapika mpaka yakalainika kabisa. Domitille aliyala polepole, taya likiwa bado lake, akamaliza sahani na kusema yameiva vizuri. Kisha akaegemeza kichwa ukutani ili shingo isije ikaanguka, mikono akaipanga mapajani, akangoja midi.