Mikate ya Kurudi

Tangu mzee, mumewe, afariki, Amma Phulmati hakuwa ameomba kitu chochote katika nyumba ile, hata chumvi. Kwa hiyo aliposema, asubuhi wakinywa chai, kwamba anataka kupelekwa Ilahabadi kuiona ngome ya mfalme Akbar, mwanawe Brijesh nusura aangushe kikombe kwa furaha.

"Ngome, Amma? Wewe?"

"Kwani mimi sina macho? Baba yako aliniahidi miaka nenda miaka rudi. Kila mwaka, 'nikimaliza zulia hili.' Mazulia yakaisha, naye akaisha."

Brijesh akacheka hadi machozi yakamlengalenga. Sunaina, mkewe, naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika mapema. Alimjua mama mkwe wake kama alivyolijua jiko lake: moshi ukibadilika, kuna kitu kinaungua.

Basi mipango ikaanza. Brijesh ni mfumaji wa mazulia kama baba yake, kama nusu ya wanaume wa hapa Bhadohi, na safari aliipanga kama afumavyo, uzi kwa uzi. Wangeondoka Jumapili alfajiri kwa gari la jirani, waoge pale mito inapokutana, kisha waingie ngomeni kuusujudia mti usiokufa. Jioni wangekuwa nyumbani.

"Na ule mti," Amma akauliza, "bado uko ukingoni?"

"Uko kwenye ukuta wa upande wa Yamuna. Chini ni mto mtupu."

"Askari wanazuia watu kusogea?"

"Wanazuia wahuni. Bibi kizee kama wewe watakushika mkono."

"Wasinishike. Natembea mwenyewe."

Brijesh akaliona hilo ni mzaha mtamu. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wana ugonjwa wao: husikia wanachotaka kusikia. Sunaina hakucheka. Habari za mti ule kila mtoto wa pande hizi amezisikia. Zamani, kabla ya ngome, watu waliochoka na dunia walikuwa wakiupanda na kujirusha mtoni, kwa imani kwamba afaye pale hazaliwi tena. Wafalme wa Kimoghuli wakaja, wakauzungushia kuta. Kuta zilizuia miguu, imani hazikuiweza.

Siku ya Ijumaa ndama hakuwepo kambani.

"Nimempa kuhani," Amma akasema, bila kuinua macho kwenye dengu alizokuwa akichagua. "Kwa ajili ya baba yenu."

Sunaina akaitazama kamba tupu. Mtaani kwao, mtu akikaribia kufa hutoa ndama kwa kuhani. Mgonjwa hushika mkia, ili mnyama yule amvushe mto wa giza ulio njiani kwenda kwa wafu. Ndama wa mzee alishatolewa zamani. Sunaina mwenyewe ndiye aliyemfumba mzee vidole kwenye ule mkia, maana havikuwa na nguvu tena. Mtu hufa mara moja, na ndama wake hutolewa mara moja.

Jumamosi akawa jikoni akikaanga mikate ya safari. Amma akaja kusimama mlangoni.

"Ya kwendea pika ya watu wanne. Ya kurudi, ya watatu inatosha."

"Wewe je, Amma?"

"Sitakuwa na njaa."

"Safari ya kutwa nzima?"

"Mwanamke wewe, nimesema sitakuwa na njaa. Geuza mkate, unaungua."

Sunaina akaepua karai, akajitupia mtandio kichwani na kwenda mbio kwa mke wa kuhani.

"Dada, niambie kweli. Yule ndama, mkia kashika nani?"

"Nani mwingine? Mama mkwe wako! Nikamwambia, mama, wewe mbona mzima wa afya? Akanijibu, 'Bora nishike vidole vikiwa bado vyangu.' Nikadhani ni ubishi wa kizee."

Sunaina alirudi mbio, akamvuta mumewe pembeni ya kitanda cha kufumia na kumweleza yote. Brijesh akakunja uso.

"Umeanza. Wiki hii mama kacheka kwa mara ya kwanza, wewe unamchimbia kaburi! Amejitolea ndama, basi. Wazee hujitayarisha."

"Na mikate?"

"Mikate! Mwanamke anaona kifo kwenye mikate." Akachukua viatu vyake, akaenda kwa jirani kufuata ufunguo wa gari.

Hapo Sunaina akajua yuko peke yake. Akamtafuta bintiye, Munia, akamkuta anamumunya sukari guru, akamshika mabega na kumpeleka uani, ambako Amma alikuwa ameketi akikunja sari yake nyeupe. Kwa watu hawa hakuna kiapo kizito kuliko cha kichwa cha mtoto. Ukikiapa kwa uongo, mtoto ndiye anayelipa.

"Amma, weka mkono hapa. Apa kwamba kesho utarudi nasi."

"Una wazimu?"

"Neno moja tu."

"Haya tazameni! Siku hizi mkwe anamlisha mama mkwe kiapo!" Amma akainua mkono kwa hasira, ayamalize. Mkono ukashuka, ukazikaribia nywele za Munia zilizopakwa mafuta, ukasimama hewani.

"Bibi, apa basi," Munia akasema. "Nataka kwenda kucheza."

 Kisha mkono ukarudi taratibu mapajani.

"Mwondoe mtoto," Amma akasema.

Sunaina akaangua kilio. "Nimekukosea nini, Amma?"

"Hujanikosea. Ndiyo taabu yenyewe. Nilikuona ukimfulia mzee mashuka, ukimlisha, ukimgeuza, na hata siku moja hukununa. Nikasema, huyu mtoto wa watu hatayafanya haya mara mbili."

"Nitayafanya."

"Najua utayafanya!" Amma akafoka. "Ndiyo maana nakwenda!"

Brijesh alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Hakuwa amesikia yote, lakini mkono wa mama yake ukirudi mapajani aliuona. Akakaa kizingitini pale pale, mtu mzima, akajifunika uso.

"Baba, hatuendi?" Munia akauliza.

"Hatuendi," Amma akajibu kwa niaba yake. Akaikunja sari kwa makini, pindo juu ya pindo. "Ngome ile imesimama tangu enzi za wafalme. Haikimbii. Itanisubiri."

Jioni wakala mikate ya safari wakiwa wamekaa sakafuni. Sunaina akaweka miwili kwenye sahani ya mama mkwe wake.

"Hiyo ni ya kurudi," akasema. "Kula."

Amma akaitazama muda mrefu. Kisha akamega.

Siku hizi huomba vitu kama watu wengine, chai, mafuta ya kuchulia magoti. Lakini hata akiita aletewe chumvi, Sunaina humtazama kwanza miguuni, aone kama amevaa viatu vya safari.