Chungu cha Rosaria Kilichovuja

Waliokuja kupima samaki tuliwaona. Waliokuja kupima nyavu tuliwaona. Walipima, wakapanda boti, na hakuna hata mumoja aliyerudi kutuambia alipata nini. Kwa hiyo mwaka 1998, Patson wa chuo kikuu aliposhusha vyungu vyake hapa kisiwani Chisenga, ndani ya ziwa Mweru, hatukumupigia makofi.

Vyungu vilikuwa vya udongo, vimepakwa fedha, madini yale ya pete, iliyosagwa mpaka chembe elfu zikipangwa mstari hazijazi upana wa unywele. Unakalisha chungu juu ya ndoo, unamimina maji ya ziwa, yanadondoka polepole, na njiani fedha inaua kolera. Kitu kizuri. Sikipingi kitu kizuri. Lakini alikieleza kwa nani? Kwa Kafula, chairman wa kambi yetu ya wavuvi, na kwa wenye boti, wamekaa kivulini na soda. Wanawake walikuwa juani wakigeuza samaki, na hakuna aliyewaita. Wanaume walipeleka vyungu nyumbani wakasema tu: zawadi.

Sasa mwanamuke wa Mweru akipewa chungu kipya kinachovuja, anajua la kufanya, mama yake alimufundisha. Anapika ndani yake uji mzito wa mihogo mpaka udongo unywe na ushibe. Kambi nzima walipika. Vyungu vikaziba vizuri kabisa, na kila mutu akachota kwa kikombe kutoka juu, maji yaleyale ya ziwa, akimushukuru Patson.

Kimoja tu hakikuona uji: cha Rosaria. Mume wake alikileta, akafa kabla hakijapikiwa uji, naye hajatakaswa bado. Mjane wa namna hiyo hawashi moto, analetewa chakula. Na hakuna anayekunywa kwake, mutoto ndiyo kabisa, maana kifo kingali juu yake.

Patson aliporudi kukagua, alipita kibanda kwa kibanda ameshika kichwa. Kwa Rosaria akasikia maji yanadondoka toka chunguni mpaka ndani ya ndoo. Alikaribia kulia. Akafunga ndoo ile kwa utepe, kwenye kifuniko na kwenye bomba, aipeleke chuoni vile ilivyo, maji yake yakapimwe. Halafu mvua na upepo vikafunga ziwa. Boti hazikuvuka kwenda Kashikishi, kwenye kliniki. Boti ya kuni haikuja, na miti ya Chisenga ilikuwa imeishia zamani chini ya samaki wa kukausha. Hapakuwa na moto wa kuchemsha hata kikombe.

Ndipo Bénie, mutoto wa Léonie, mchuuzi wa samaki kutoka Pweto, ng'ambo ya Kongo, akaanza kuhara maji meupe.

Léonie alikuwa na paketi za chumvi na sukari, zile za kurudisha maji mwilini mpaka mutoto akojoe tena. Maji safi ya kuzikoroga hakuwa nayo; hata ya mvua yalishuka na mavi ya ndege toka kwenye plastiki za paa. Alikuja mbio kwa kibanda cha Rosaria, mutoto mgongoni, macho ya mutoto yameshazama. Patson alikuwa mlangoni, akilinda ndoo yake.

"Bamayo, mama, subirini kidogo," alisema. "Kisiwa jirani cha Kilwa na Chisenga yote, hii tu ndiyo imepona. Nikiifungua, kazi yangu imekufa. Upepo utatulia."

"Upepo njo docteur? Toka!"

Kafula naye akafika, ameloa. "Léonie! Weye wa Kongo, haujue mambo ya hapa. Mayi ya mufiwa! Mutoto akikunywa, ile itamuua mbele ya kolera."

"Minaogopa, chairman. Hata kwetu tunaogopa. Lakini nikunywishe mutoto yangu nini? Chungu yako inanuka uji!"

Mutu mumoja alicheka. Kisha kichwa cha Bénie kikalala upande, na kicheko kikaisha.

Léonie hakuingia. Aliita tu, sauti chini: "Mama Rosaria, unipatie."

"Siwezi, mwanangu," Rosaria alijibu toka gizani mwa kibanda. "Mukono yangu haipatie mutu. Unajua."

Mvua ilipiga plastiki ya paa. Halafu Rosaria akatoka, kitambaa cheusi kichwani, akapita moja kwa moja kati ya Kafula na Patson. Wote wawili waliruka pembeni wasiguswe. Ndiyo, hata yule wa chuo kikuu, na fedha yake yote.

Mlango ukabaki wazi.

Rosaria alisimama kwenye mvua, mgongo kwetu. "Mi siko ndani," alisema. "Sione kitu."

Léonie alichomoa kisu cha samaki kiunoni, akaingia, akakata utepe. Alikunywa kwanza yeye, amefumba macho. Akakoroga, akamupa mutoto kijiko. Bénie akatapika. Akamupa tena. Akatapika. Akamupa tena.

Tulikaa vile mpaka kesho yake mchana, tulipomusikia Léonie akipiga kelele kambi nzima: "Amekojoa! Batu, mutoto amekojoa!"

Upepo ulipotulia, Patson akafunga mizigo. Akamuambia Kafula, "Wanawake wameharibu vyungu."

"Tuliharibu?" Léonie alisimama, nguo za mutoto zinachuruzika mikononi. "Ulitufundisha siku gani? Nitajie hata mumoja wetu uliyesema naye."

Patson akamugeukia Rosaria, akaomba chungu chake: mukwai, tafadhali.

"Ulisema kazi imekufa," Rosaria alimujibu. "Maiti haivuke ziwa. Uiache hapa."

Akaondoka bila chungu. Aliyoyaandika huko hatujasomewa mpaka leo.

Chungu kilibaki. Kila asubuhi Rosaria alikuwa anatoka, anageuza mgongo, na wenye watoto wanaingia kuchota. Wa kwanza kuja baada ya Léonie alikuwa Kafula mwenyewe. Alipita kwa nyuma, ndoo ameficha chini ya koti.