Kurasa Zilizorukwa

Katika karakana ya kushonea sare za shule, wanawake walizidi cherehani kwa mtu mmoja. Haikuwa bahati mbaya. Yule wa ziada alikuwa msomaji.

Wenzake walimwita Redio. Alikalia robota la kitambaa cha kaki, mgongo ukutani, akisoma riwaya za mapenzi za Uingereza ya kale: mabwana wa majumba, mabibi waliobanwa viuno mpaka wakazimia, magari ya farasi, barua zilizofungwa kwa lakiri. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa Kiswahili. Sehemu yake ya kushona waligawana wengine, wala hawakununa, maana bila hadithi pindo la suruali halina mwisho. Bosi alivumilia. Alishaona kwamba mikono huenda mbio zaidi bwana anapokaribia kubusu.

Kitabu cha msimu ule kilimhusu Lodi mmoja mwenye macho ya kijivu, na binti wa kasisi, fukara ila shingo nzuri. Mwandishi wake alipenda kueleza. Kabla ya kila dansi aliweka kurasa za jikoni: nani alipandisha maji ya kuoga, nani alisugua shaba, nani alimwaga chungu cha haja cha Lodi. Redio akifika hapo, Mama Pacha, aliyeshona matundu ya vifungo, alipaza sauti.

"Ruka, ruka! Kazi ninayo nyumbani. Nipeleke kwenye busu."

Redio aliruka.

Walipofika katikati ya kitabu, wasichana wa kazi wa nyumba ya Lodi walikuja karakana. Walikuja asubuhi, kwa miguu, aproni zimelowa na mikono imebabuka kwa magadi. Walibisha hodi.

"Mama zetu," alisema mrefu wao, "kule hatuna pa kufanyia kazi. Tunapanda ngazi, ngazi inaishia hewani, mara tuko kwenye dansi na ndoo mkononi. Tumefukuzwa. Sijui kama mnanifuata?"

"Sijui kama mnanifuata" ulikuwa msemo wa Redio. Alikuwa ameutia kwenye kinywa cha kila mtu wa kitabu kile, hata askofu.

"Ingieni basi, msizibe mlango," alisema Shangazi, mkata vitambaa, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. "Hewa yenyewe ya kugombania."

Bosi alipotoka ofisini hakushangazwa na nguo zao. Alitazama mikono.

"Kule mnapewa nini?"

"Chakula na mahali pa kulala."

"Mahali gani?"

"Chini ya ngazi."

"Ngazi tunazo," alisema Bosi.

Wakaanza siku hiyo hiyo. Walishona kwa mkono, kimya, wala hawakwenda chooni. Yule mrefu alikuwa hodari wa matundu ya vifungo, akawasha mshumaa mchana kweupe kwa mazoea tu. Kabla ya wiki kuisha rafu zilijaa, na Bosi alimwita Mama Pacha pembeni.

"Jumatatu upumzike."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Wewe pumzika tu."

Mama Pacha alirudi amekunja uso. Pacha wake walikuwa darasa la kwanza na walikula kama watoto wanne. Akawaeleza wenzake alichoambiwa, kisha akamgeukia Redio.

"Haya, wewe uliyewaruka."

"Nani alikuwa anapiga kelele, ruka, ruka?"

"Mimi nilisema tu. Mwenye kitabu ni wewe."

"Acheni hizo," alisema Shangazi, huku akikata kola. "Aliyekuja kwa kurukwa atarudi kwa kusomwa. Hilo nalo linataka mganga?"

Ijumaa Redio alifungua kitabu mwanzo, akasoma kila alichokiruka. Hakuna aliyedai busu. Aliposoma ukurasa wa maji ya kuoga, msichana wa maji alichoma sindano kwenye kitambaa, akachukua ndoo yake, akaaga, akatoka. Aliposoma shaba, wa shaba akaondoka. Wa kuni aliomba asomewe upesi, anasubiriwa. Mwishowe akabaki yule mrefu, kwenye kiti cha Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa amesimama kando yake na mkoba begani.

"Mimi msinisome," alisema msichana bila kuinua kichwa.

"Mwanangu, imebidi," alisema Redio.

"Hapa nimekalia kiti. Kule kitabuni nimekaa wapi?"

Redio alikuwa mtu wa haki. Alipekua kitabu mpaka jalada la nyuma.

"Hujakaa."

"Hata kwenye harusi ya Lodi?"

"Kwenye harusi unafua mashuka."

"Naitwa nani?"

Redio akapekua tena. "Hawakusema."

Wengine wakainamia cherehani zao ghafla, kama watu waliokumbuka kazi. Mama Pacha akashusha mkoba.

"Mdogo wangu, kiti hicho ni changu. Sisemi ni haki. Nasema ni changu, na nina watoto wawili hawajui kusubiri."

Msichana alifikiri kidogo.

"Haya, mama. Lakini asome polepole."

Redio alisoma polepole. Alisoma hata nukta. Ukurasa ule wa chungu cha haja ulikula asubuhi nzima, na chai ikapoa vikombeni. Msichana alimaliza tundu alilolianza, akakata uzi kwa meno, akazima mshumaa na kuondoka. Mama Pacha aliketi. Kiti kilikuwa bado na joto. Akatunga uzi.

Jumatatu Bosi alisimama mbele ya rafu, akatabasamu.

"Wiki iliyopita mzigo ulitoka mara mbili. Kumbe mnaweza! Basi kuanzia leo hicho ndicho kiwango."

"Bosi, hatukuwa sisi peke yetu," alisema Mama Pacha. "Walikuwepo wale wasichana."

"Wasichana gani?"

Hakuwa anadanganya. Alikuwa ametazama mikono tu, na mikono inayoshona hufanana. Alipoelezwa aliwasikiliza vizuri, akasema kiwango ni kile kile. Siku hiyo ililetwa cherehani nyingine, akapewa Redio. Kitabu kikawekwa dirishani, kimefungwa, harusi ikiwa bado kurasa chache.

Jumatano mchana Lodi alikuja mwenyewe. Gari lake la farasi liliziba barabara, na wenye mikokoteni wakamtukana mama yake. Aliingia na kofia ndefu na glavu nyeupe.

"Samahani, nilikuwa nioe juzi," alisema. "Bibi harusi amesimama kanisani na ua mkononi. Sijui kama mnanifuata?"

"Subiri, baba, tuna kazi," alisema Mama Pacha, na cherehani yake haikusimama.

Shangazi, aliyempenda tangu sura ya pili, alimtupia jicho mara moja, akarudi kwenye mkasi.

"Mfupi," alisema.

Lodi alivua koti, akalinyoosha pembeni ili lipokewe. Halikupokewa. Akaliachia, likaanguka sakafuni, naye akalitazama kwa makini, maana hakuwahi kuona koti linakoishia. Bosi akatoka ofisini, akampa mkono.

"Unajua kushona?"

"Hapana."

"Kukata?"

"Hapana."

"Kupiga pasi? Kubeba mzigo? Kufagia?"

"Nasikia hufanyika," alisema Lodi, "ila sijawahi kuona."

Bosi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kwa heshima ambayo karakana ile haikuwahi kuiona. Akamwambia mmoja wa wanawake aokote koti lile. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na kazi hata moja ambayo mgeni aliijua, akamfanya msimamizi.