Damu ya Wasiojuana

Rhobi, fundi cherehani wa Kabasa kule Bunda, alikuwa na ugonjwa wa riwaya za aina moja: watu wasiojuana wanakutana, wananuniana kidogo, wanapikiana, mwisho wanakuwa ndugu. Alizisoma kila wateja walipoadimika. Mdogo wake Bhoke, aliyeolewa Butiama, alikuwa akimcheka. "Dada, watu hao wanaishiga wapi? Niambie na mie nihamie."

Bhoke alipojifungua, mambo yaliharibika. Mtoto wa kike alitoka salama, lakini damu ya mama haikukatika, na gari la wagonjwa likamkimbiza Musoma pamoja na mtoto, Rhobi akawafuata huko. Mumewe, Machibya, alikuwa mgodini Geita na simu yake haikupatikana. Asubuhi daktari alimwambia Rhobi ukweli bila kumzungusha. Damu iliyokuwepo hospitalini ilikuwa imeisha, na ya Rhobi mwenyewe ilishatolewa.

"Tafuta ndugu wengine waje kuchangia. Wasikawie."

"Sina ndugu hapa, daktari."

"Basi mtu yeyote, mama. Mtu yeyote mwenye afya."

Rhobi akamwacha mtoto kwa wauguzi, akashuka mbio hadi madukani Iringo. Kwenye vitabu vyake hapa ndipo mtu fulani angesimama. Vijana wa bodaboda walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akasema akiona sindano anazimia, na wenzake wakacheka. Muuza dagaa alikuwa akinyonyesha. Mzee mwenye kofia alimuuliza damu hiyo inauzwa wapi. Wengine hawakumkatalia, walimpa pole, wakaendelea na shughuli zao. Jua likapanda. Rhobi akarudi njia ileile, sasa akiwashika watu mikono, akilia bila kujifuta, na watu wakaanza kumpisha kama wanavyompisha mgonjwa wa akili.

"Wewe dada! Njoo hapa." Aliyeita alikuwa mwanamke aliyejifunga ushungi wa kijani, mlangoni mwa duka la vitenge. "Unaitwa nani? Mgonjwa yuko wapi?"

Rhobi alimweleza kwa pumzi moja. Mwanamke akageukia kibanda cha jirani alikokuwa akishona viatu mdogo wake. "Salum, acha hicho kiatu. Twende."

"Wapi, dada Hasna?"

"Twende tu."

Walitoa damu wote wawili. Salum alirudi kazini akiwa amekunja mkono wake, lakini Hasna akakaa na Rhobi kwenye benchi nje ya wodi. Alikiona kitabu kilichochungulia kwenye mkoba, akauliza kinahusu nini.

"Mvua inawafungia wageni kwenye nyumba moja. Hawajuani. Mpaka mvua iishe hawataki tena kuachana."

"Na unaamini?"

"Siamini." Rhobi alifikiri. "Naviendea kama mtu anavyosogea motoni wakati wa baridi. Nyumbani kwangu hakuna anayebishaga hodi. Humo ndani hakuna anayekataliwa."

Hasna alikunja na kukunjua ncha ya ushungi wake. "Mimi nilikuona ulipopita mara ya kwanza," alisema. "Nilisikia unachotafuta. Nikaingia nyuma ya vitenge nikajificha mpaka ulipopita. Sikutaka shida ya mtu."

Rhobi alimtazama. Muuguzi alifungua mlango na kumwita kwa jina, kwa sauti ya chini mno.

Bhoke alikuwa amekata roho. Damu ya Hasna na Salum ilishaanza kuingia mwilini mwake, lakini mwili ulikuwa umechoka. Rhobi alipiga goti pale sakafuni, akasikia nyuma yake Hasna akimuuliza muuguzi: "Ningekuja asubuhi, angepona?"

"Hilo hatuwezi kulijua, dada."

Rhobi alitaka kumfukuza. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto aliletwa, yeye mikono ikakataa kunyanyuka, na aliyempokea ni Hasna. Siku ya kusafirisha mwili alimbeba mtoto huyohuyo mpaka Butiama, na hakuna aliyemwalika wala aliyemkataza.

Machibya alifika kaburi likiwa limeshachimbwa, akaanguka juu ya jeneza mpaka wanaume wakambandua. Jikoni, mama mkwe wa Bhoke alimnong'oneza Rhobi: "Huyu Mwislamu anayeosha masufuria ni nani wenu?"

Rhobi alitafuta neno. Rafiki lilikuwa kubwa mno, na lingine chungu mno. "Nimekuja naye," alisema.

Baada ya matanga Machibya alirudi mgodini, na Rhobi akamchukua mtoto Kabasa. Hasna alipiga simu. Rhobi aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Hasna akapiga tena wiki nyingine, na nyingine. Zile riwaya Rhobi hakuweza tena kuzimaliza. Kila alipofika pale mgeni anapotabasamu, aliona vitenge na mtu nyuma yake.

Jioni moja mtoto alikuwa na homa, cherehani imekwama, na Rhobi hakuwa amezungumza na mtu mzima tangu asubuhi. Simu ililia. Aliipokea.

Hasna akasema, "Nilidhani hutapokeaga kamwe."

"Hata mimi."

Mtoto akaangua kilio. Rhobi akaanza kuomba radhi, huku akitafuta chupa ya maziwa kwa mkono mmoja.

"Mnyweshe kwanza," alisema Hasna. "Nipo. Nasubiri."